Hodi ya Mgombea

Msikilizaji, jioni moja ya Novemba 2024, wiki ile ya kampeni za serikali za mitaa, ilipigwa hodi uani kwetu. Aliingia bwana wa makamo, shati limenyooshwa pasi, nyuma yake wapambe watano wenye kofia za rangi moja. Akamwamkia bibi mwenye nyumba wetu, akataja jina na chama chake, akasema anagombea uenyekiti wa mtaa.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza, "Mwanangu, unakaa wapi?"

Bwana akaonyesha kwa mkono: nyumba ya nne kutoka mashine ya kusaga.

Bibi akarudi kwenye ungo wake wa mchele. "Miaka 11 nauza vitumbua pale mashineni. Sijakuona."

Wapambe wakacheka. Mgombea hakucheka.

Kampeni zilikuwa za siku saba, tarehe 20 hadi 26, na kura ikapigwa tarehe 27. Kwa siku saba mtu ataliimba jina lake kila uani, lakini kujuana hakuna mbio hizo. Tena kwetu Tanzania hakuna mgombea binafsi. Lazima udhaminiwe na chama. Kwa hiyo mtu huanza kujinadi kwa wanachama wenzake kwenye kura za maoni, na jirani anayetenganishwa naye na ukuta tu huwa wa mwisho kupata habari.

Na huyu mwenyekiti tunamtafutia nini? Mara nyingi ni barua. Ukitaka kitambulisho cha taifa, ukienda kumdhamini mdogo wako polisi, unaambiwa kalete barua ya serikali ya mtaa. Barua yenyewe haina mengi: huyu namtambua, ni mkazi wangu. Muhuri unagongwa, unaondoka. Sasa bwana yule alikuja kuomba muhuri wa kututambulisha sisi, ilhali yeye mwenyewe ametambulishwa kwetu na watu wa kofia!

Simsemi mpangaji wala mgeni. Wapo waliohamia juzi tu, lakini mtaro ulipoziba walitoka na koleo, na msibani wao ndio wanaobeba viti. Hao tunawajua hata wasipopiga hodi. Na wapo wenye nyumba wa miaka 20 ambao geti lao hufunguka gari likitoka, basi.

Bibi sikumwuliza alimpigia nani. Kura ni siri.

Kwa kalenda ya miaka mitano, uchaguzi mwingine wa mitaa ni 2029. Wewe unayeuwazia uenyekiti, usisubiri kofia. Nenda kwenye mkutano wa mtaa ujao, keti na wenzako, dai mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu. Na asubuhi ukipita pale mashineni, simama ununue vitumbua.