MANENO KWA WAFANYAKAZI: BIMA YA AJALI KATIKA TEXAS



Leo hatutasema bei ya unga wala mshahara wa mwisho wa mwezi. Tutasema juu ya mkono wa mfanyakazi. Mshahara ukichelewa, utakuja siku nyingine. Mkono ukikatwa na mashini haurudi. Basi siku hiyo nani atamlipa mnganga, na nani atalisha watoto?

Ndugu zetu wengi wametoka Kongo kwenda kukaa Marekani. Katika mwaka wa 2016 Wakongo walipita watu wa inchi nyingine zote kwa hesabu ya wakimbizi waliopokelewa kule. Wengine walipelekwa katika jimbo la Texas. Hapa kati yetu kuna wazazi ambao mtoto wao yuko kule, nao wanasemezana naye kwa simu. Mpelekeeni maneno haya, kwa sababu sheria ya Texas iko na jambo moja ambalo mgeni hawezi kulifikiri.

Jambo lenyewe ni hili. Karibu katika majimbo yote ya Marekani, patroni analazimishwa kulipa bima ya ajali za kazi, ile tunayoita asiransi. Katika Texas sivyo. Tangu sheria ya 1913 hata leo, patroni asiye wa serikali anachagua mwenyewe. Akitaka, analipa bima, asipotaka, halipi. Lakini kampuni inayojenga nyumba au barabara ya serikali haina ruhusa ya kuchagua: sherti iwe na bima kwa watu wa kazi ile.

Basi ndugu wawili wanaweza kulala katika nyumba moja na kufanya kazi ya namna moja, na haki zao hazifanani. Tuwaangalie wote wawili.

Wa kwanza, patroni wake yuko na bima. Akiumia kazini, hakuna anayeuliza kosa lilikuwa la nani. Hata kama alikosea mwenyewe, bima inalipa, isipokuwa kama alikuwa mlevi au alijiumiza kwa kusudi. Bima inalipa matibabu. Akishindwa kufanya kazi, kwa desturi anapata sehemu 70 katika 100 za mshahara aliopoteza. Kama alipata dola 800 kwa wiki, na sasa hapati kitu, atalipwa dola 560. Siku 7 za kwanza hazilipwi. Lakini akikaa bila nguvu ya kazi wiki mbili au zaidi, hata siku zile zinalipwa. Akifa, bima inasaidia maziko, na mjane na watoto wake wadogo wanapata msaada. Lakini yeye mwenyewe, akiwa mzima, hawezi kumshitaki patroni kwa ajili ya ajali ile. Ndiyo mapatano: mfanyakazi anaacha tribinali, naye analipwa bila ugomvi juu ya kosa.

Tena mshike neno hili: pesa ya bima hii inatoka mfukoni mwa patroni. Sheria inamkataza kuikata katika mshahara wako, waziwazi au kwa kuficha. Kapita akisema, “Tumekata kidogo kwa ajili ya asiransi ya ajali,” kapita huyo anasema jambo ambalo sheria inakataza.

Wa pili, patroni wake hana bima ile. Huyu akiumia, hakuna malipo ya sheria yanayomngoja. Mapatroni wengine wanatoa msaada wao wenyewe, kwa kanuni walizoandika wao. Asipotosheka, sherti aende mbele ya tribinali na kuonyesha kwamba patroni alizembea: mashini haikuwa na kifuniko, au mfanyakazi hakufundishwa, au ngazi ilikuwa mbovu. Ni njia ndefu, na inataka avoka.

Lakini sheria imemnyang'anya patroni huyu ngao tatu. Hawezi kujificha nyuma ya neno, “Wewe pia ulikosea.” Hawezi kusema, “Ulijua kazi ni ya hatari, ukaikubali.” Hawezi kusema, “Aliyekuumiza ni mwenzako, si mimi.” Tena, kama alikutia sahihi mbele ya ajali kwamba unaacha haki yako ya kumshitaki, karatasi ile haina nguvu. Na nyuma ya ajali, karatasi ya kuacha haki haifai kama ulitia sahihi mbele ya siku ya 10 ya kazi tangu ulipotoa habari ya kuumia, au kama hujapimwa na mnganga asiye wa haraka ya kwanza. Lakini mwangalie vizuri: mapatroni wengi wanatoa karatasi nyingine, inayosema kwamba ugomvi utakatwa na mwamuzi, si na tribinali. Karatasi hiyo iko na nguvu mara nyingi. Usome kwanza, kisha uandike jina lako.

Mfanyakazi atajuaje patroni wake ni wa namna gani? Sheria inamwamuru patroni kumwambia kwa maandishi siku anapomwandika kazi. Tena sherti abandike tangazo kazini kwa Kiingereza, kwa Kispanyola, na kwa luga nyingine inayosemwa na wengi wa wafanyakazi wake. Basi pahali ambapo Waswahili ni wengi, waombe tangazo lao kwa Kiswahili.

Na siku ya ajali ikifika, wahesabu siku. Patroni aambiwe kabla ya siku 30 kupita. Maombi ya malipo yafike ofisi ya jimbo kabla ya mwaka 1. Wengi wanasema, “Itapona yenyewe,” na haki inapotea pamoja na siku. Wasiogope ugeni wao: sheria inampa mgeni malipo sawa na mwenyeji. Na patroni mwenye bima hana ruhusa ya kumfukuza mtu kwa sababu ameomba malipo kwa haki.

Ndugu wa migodi, msicheke watu wa Texas. Hapa Kongo sheria ya tarehe 29 Juni 1961, na kisha ile ya tarehe 15 Julai 2016, hazimpi patroni nafasi ya kuchagua. Sherti aandikishe watu wake, na leo chombo chenyewe ni CNSS. Mchango wa ajali za kazi analipa patroni peke yake. Lakini sheria iliyo kitabuni haifungi kidonda. Kama unafanya kazi kwa kampuni ndogo iliyopewa kazi na kampuni kubwa, je, umeona namba yako?

Basi yule wa Texas aulize siku ya kwanza, “Patroni, uko na bima ya ajali?” Na wewe wa hapa uulize, “Patroni, namba yangu ya CNSS ni gani?” Ulizeni wakati mikono yenu bado ni mizima.