BAISKELI YA UMEME ILIYOLALA STOO MASIKA NZIMA

(Mazungumzo ya fundi wa baiskeli mbele ya mkutano wa wanachama, Kirando. Yamenakiliwa hapa kwa ajili ya wale ambao siku hiyo walikuwa ziwani.)



Nimeitwa nijibu swali moja: kwa nini baiskeli za umeme za ushirika ni mbili, na inayotembea ni moja. Maneno ya mwaloni nimeyasikia. Wapo wanaosema fundi ameogopa kazi. Ni kweli, nimeogopa, na nitaeleza ni kitu gani.

Baiskeli zote mbili ziliingia stoo mwezi Novemba mvua zilipoharibu njia, zikatoka mwezi Mei. Ya kwanza betri yake ilitolewa ikiwa na chaji kama nusu, katibu akaiweka ofisini kwenye kabati. Ya pili ilirudi jioni kutoka Namanyere, betri imekwisha kabisa, mwendeshaji amechoka, akaiegemeza ukutani akaenda zake. Simlaumu. Hakuna aliyemwambia.

Sasa ndugu zangu, betri hii siyo ile ya gari, wala siyo ile ya redio ambayo ikifa unaianika juani. Hii ni ya lithiamu, jamaa ya ile iliyomo kwenye simu zenu. Ndani ya betri yetu ya voti 36 mna makundi kumi ya seli yamefungwa kwa mfululizo. Ikijaa hufika voti 42. Ikishuka karibu na voti 30, kifaa cha ulinzi kilichomo ndani hukata umeme, baiskeli inasimama. Mtu anadhani hapo imelala salama. Hailali! Hata kile kifaa cha ulinzi kinakula umeme kidogo kidogo, usiku na mchana. Miezi sita kwa betri iliyokwisha ni mingi.

Ya kwanza nilipoipima nilipata voti 36 na kitu. Nzima. Ya pili niliifungua nikapima kundi moja moja. Mengi yalikuwa chini ya voti 2, na moja halikuonyesha kitu. Seli ikishuka hivyo, shaba iliyo ndani huanza kuyeyuka, na ukiichaji tena shaba ile inaweza kujenga njia ya mkato ndani ya seli. Huo ndio moto wenyewe. Hauanzi siku ile ile lazima. Unaweza kungoja hata wiki, watu wamelala.

Kijana mmoja alikuja na chaja ya betri ya gari, akasema tuishtue kidogo tu. Nikamkatalia. Mnajua stoo yetu ina nini: nyavu, magunia ya dagaa, madumu ya petroli ya injini za mitumbwi. Bei ya betri mpya ni kubwa, najua, na fedha ni zenu. Lakini stoo hiyo ikiungua hatutakuwa tunazungumza habari ya betri.

Basi, baiskeli ikitoka stoo msikimbilie plagi. Ianzeni kama Phoenix yoyote. Tairi: pindeni pembeni muone kama mpira umepasuka, kisha upepo. Kamba za breki, maana baiskeli hii ni nzito na ule mteremko wa kushuka kuja huku hauna huruma. Mnyororo ufutwe, utiwe oili. Gololi zikilia, grisi. Halafu fuateni waya kwa vidole toka mwanzo hadi mwisho. Yetu panya walikuwa wamekula ganda la waya wa mota, shaba inaonekana. Meno ya soketi yakiwa na kutu ya kijani, sugueni kwa brashi kavu betri ikiwa imetolewa. Maji msimwage.

Betri ndiyo ya mwisho. Ikiwa imevimba, inanuka, imepasuka au iliingia maji, isichajiwe kabisa, iwekwe nje mbali na nyumba. Ikiwa nzima, chaji kwa chaja yake yenyewe, mchana, nje kwenye sakafu ya saruji chini ya kivuli, mtu akiwa karibu. Kila baada ya muda gusa ganda lake. Uvuguvugu si neno. Ikiwa ya moto, chomoa. Ikianza kutoa moshi, watu waondoke kwanza, maana moshi ule ni sumu.

Mzee mmoja ameniuliza, kwani kitu kikikaa lazima kife? Hapana, mzee wangu. Mnaikumbuka Liemba, ambayo wengi wenu mmesafiri nayo. Wajerumani waliizamisha wenyewe tarehe 26 Julai 1916 karibu na mdomo wa Malagarasi, lakini kabla ya hapo mafundi wao waliipaka mitambo grisi nene. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini. Miaka mingi chini ya maji! Aliyeiweka alijua kwamba itahitajika tena. Sisi betri yetu ilikaa pakavu miezi sita tu.

Kwa hiyo nimemwomba Mwenyekiti mambo mawili. Mvua zijazo betri ziwekwe na chaji nusu, zisijazwe wala zisiachwe tupu, zikae ofisini, siyo chini ya bati la stoo linalochoma. Na kila mwisho wa mwezi katibu azitazame. Ikishuka sana, aongeze kidogo, aandike kwenye daftari. Ile iliyokufa nimeitoa nje, ipo kwenye ndoo ya mchanga nyuma ya ofisi. Watoto wasiichezee. Kama tununue nyingine au tubaki na baiskeli moja, hilo mtaamua ninyi wanachama. Mimi ni fundi tu.

Maswali nitayapokea karakana kwangu, jioni baada ya saa kumi.