Punje Kubwa Si Lazima Iwe Punje Bora



Nimeombwa niseme machache juu ya mchezo wa kulenga sahani za udongo. Huku kwetu Kaniha bunduki tunaijua kwa gobole na kanga wa mashambani, wala si kwa michezo. Hata hivyo somo ni moja: anayechagua ukubwa wa marisau huchagua kati ya wingi na nguvu. Vyote viwili kwa ukamilifu hapati.

Sahani ya mashindano ya kimataifa ina upana wa milimita 110 na uzito wa gramu 105. Hurushwa kwa mashine, ikapigwa ingali hewani. Kanuni huruhusu gramu 24 tu za marisau katika risasi moja. Basi uzito umekwisha kupangwa. Kilichobaki ni kuugawa. Punje za namba 9, zenye kipenyo cha milimita 2 hivi, hupatikana karibu 500 katika gramu hizo. Za namba 7½, milimita 2.4, hukaribia 300 tu. Wanafunzi wa fizikia wanajua sababu: ukizidisha kipenyo mara mbili, uzito wa punje huwa mara nane.

Sahani ikipita karibu, namba 9 yafaa. Wingi huziba mianya, na udongo hauhitaji nguvu nyingi kuvunjika. Sahani ikikimbilia mbali, punje ndogo huchoshwa upesi na hewa. Hapo 7½ ni bora. Lakini namba hizi ni za Kimarekani, na nchi nyingine zina zao. Ulizeni milimita. Kisha pigeni karatasi kubwa kwa umbali uleule wa shabaha, mhesabu matundu na kutazama mianya. Karatasi haina upendeleo.

Mwaka 2004, huko Athens, Ahmed Al Maktoum wa Falme za Kiarabu alivunja sahani 189 kati ya 200, akatwaa dhahabu ya Olimpiki. Hakuruhusiwa marisau mazito kuliko wenzake.

Sasa turudi nyumbani. Anayejaza gobole vipande vya chuma hudhani ameongeza nguvu. Kumbe ana vipande vichache vyenye mianya mipana: kanga hujeruhiwa, akaenda kufia kichakani bila faida kwa mtu, na kipande kilichokosa huweza kumfikia mpita njia. Tena risasi ni sumu. Ndege humeza punje zilizoanguka wakidhani ni changarawe, wakafa. Tangu 2023 Umoja wa Ulaya umekataza marisau ya risasi katika maeneo ya majimaji. Biharamulo yetu ina sehemu ya Hifadhi ya Burigi-Chato. Jambo hili latuhusu.

Vijana, bunduki ni ya mwenye kibali, na mjifunze mbele ya mwalimu. Lakini kupima kabla ya kuchagua hakuhitaji kibali. Anzeni leo.