Anayelipa Kodi Aketi Penye Hesabu

Hotuba kwa kamati za haki na waumini



Tumeombwa tuseme machache juu ya afya ya umma na fedha zake. Tumeamua kuanzia mbali, katika Idara ya Tiba ya serikali ya kikoloni ya Kenya, kwa kuwa wahenga walitufunza kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tulifungue basi daftari lile la zamani, tuone nani alitoa, nani alipokea, na nani aliyeketi mezani pesa zilipogawanywa.

Idara ile haikuundwa kwa ajili ya mkulima wa Murang'a wala mvuvi wa Nyanza. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kulinda afya ya maofisa, askari na wafanyakazi wa serikali. Mwaka 1901 ilifunguliwa Nairobi hospitali ya Waafrika yenye vitanda 40, ile ambayo leo ni Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Tauni ilipozuka Nairobi mwaka 1902, mtaa wa soko la Wahindi uliteketezwa kwa moto. Mwaka 1913 Profesa Simpson alikuja kukagua usafi wa miji, akashauri mataifa yatengwe kwa makao. Hivyo afya, iliyopasa kuwa ngao ya wote, ikafanywa ua wa kuwatenga watu.

Kisha vikaja Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918. Jina la Kariakor, hapo Nairobi, latokana na kikosi cha wapagazi. Makumi ya maelfu yao hawakurudi makwao, na waliowaua wengi si risasi, bali kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Mtu alihesabiwa alipotakiwa kubeba mzigo. Hakuhesabiwa ilipotakiwa dawa.

Sasa tuulize: pesa zilitoka wapi? Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1901, na kodi ya kichwa ikafuata mwaka 1910. Asiyekuwa na fedha alilazimika kwenda kuitafuta katika mashamba ya walowezi. Walowezi nao walianza kuwachagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1920. Serikali ilipojaribu kuwatoza kodi ya mapato, walipiga kelele hata ikafutwa mwaka 1922, isirudi mpaka 1937. Mwafrika wa kwanza, Bwana Eliud Mathu, aliingia katika Baraza lile mwaka 1944, tena kwa kuteuliwa. Kwa zaidi ya miaka 40 basi, mlipa kodi ya nyumba hakuwa na mtu wake mahali pa kugawa fedha.

Makadirio ya Idara yalipitia Hazina, Gavana, Baraza na hatimaye London. Katika ngazi hizo zote hakuna hata moja ambapo mama mwenye mtoto mgonjwa aliulizwa neno. Lord Moyne, aliyetumwa kuchunguza fedha za koloni, alieleza mwaka 1932 kwamba Waafrika walikuwa wakitoa mengi kuliko huduma walizorudishiwa. Hayo hayakusemwa na mchochezi wa barazani. Yalisemwa na mjumbe wa serikali yenyewe.

Mgala muue na haki yake mpe. Walikuwako madaktari waliojitahidi. Katika miaka ya 1920, chini ya Daktari John Langton Gilks, Idara ilieneza sindano za kutibu buba, na watu wakazikimbilia kwa wingi. Misheni nazo, kama vile Maseno, Kikuyu na Tumutumu, zilibeba mzigo mkubwa vijijini. Kwa hivyo asituambie mtu kwamba wazee wetu hawakupenda hospitali. Hospitali ndizo zilizokuwa chache.

Na hapa ndipo penye somo letu. Mwaka 1924 sheria iliruhusu mabaraza ya wenyeji wilayani. Mwenyekiti wake alikuwa mkuu wa wilaya, na uhuru wake ulikuwa mdogo. Hata hivyo, wazee walipopewa fursa hiyo finyu, walitenga fedha kwa shule na zahanati. Walitoza watu wao ushuru wa ziada juu ya kodi ya serikali, yaani mwananchi alilipa mara mbili. Lakini mara hii ya pili alikiona alichokilipia. Nusu ya kiti tu ilitosha kuugeuza mwelekeo wa fedha.

Ndugu zetu, tusidhani kwamba daftari lilifungwa siku bendera iliposhushwa. Mwaka 1965 serikali ya uhuru iliondoa malipo ya wagonjwa wasiolazwa, jambo la kushukuriwa. Lakini mwaka 1970 huduma za afya ziliondolewa kwa mabaraza ya wilaya zikapelekwa wizarani. Desemba 1989, wakati sheria iliruhusu chama kimoja tu, wagonjwa walianza tena kutozwa kwa jina la kuchangia gharama. Malipo yakasimamishwa mwaka 1990, yakarudi 1992. Maskini ndiye aliyerudishwa nyumbani kutoka mlangoni.

Katiba ya 2010 imeandika kwamba afya ni haki, na kwamba fedha za umma zitumike kwa uwazi na kwa kuwashirikisha wananchi. Tangu 2013 zahanati ziko chini ya kaunti. Kiti ambacho wazee wetu walinyimwa, sisi tunacho. Je, tunakikalia?

Twawaomba mambo matatu. Kila kamati ipate makadirio ya afya ya kaunti yake, iyasome kwa sauti mbele ya watu. Kikao cha bajeti kikitangazwa, tusiwaachie wenye magari peke yao. Na dawa zikikosekana katika zahanati, tuulize kwa adabu, lakini kwa maandishi: fedha zilitengwa kiasi gani, na zimefika wapi?

Mkoloni hakuogopa vilio vyetu hospitalini. Aliogopa siku tutakapoomba kuona hesabu. Tuombe kuziona.