MISULI INANGOJA AMRI

Somo: Ezekieli 37:1-10



Nabii Ezekieli aliona bonde la mifupa mikavu. Mifupa ilisogeleana, kano zikaifunga, nyama ikaota, ngozi ikaja juu. Miili ilikuwa imetimia, lakini haikusimama mpaka pumzi ilipoingia. Leo tujifunze kwa nini nyama peke yake haimsimamishi mtu.

Nyama inayoshika mifupa yetu ni misuli. Mungu ametupa zaidi ya 600. Kila msuli ni mafungu ya nyuzi, kama kamba, na ncha zake zimefungwa kwenye mifupa kwa kano ngumu; tunaigusa moja nyuma ya kisigino. Ndani ya kila uzi mna nyuzi ndogo zaidi, nene na nyembamba. Msuli ukifanya kazi, hizo huteleza na kuingiliana, msuli unafupika, mfupa unavutwa.

Tushike neno hili: msuli huvuta, hausukumi. Ndiyo sababu misuli inafanya kazi kwa kupokezana. Mama akiinua mchi, msuli wa mbele ya mkono unakunja kiwiko, wa nyuma unalegea. Akiutwanga kinuni, wa nyuma unavuta na kunyosha mkono, wa mbele unalegea.

Lakini msuli haujiamuru. Amri inatoka kwenye ubongo, inashuka ndani ya uti wa mgongo, inafuata mishipa ya fahamu mpaka kwenye msuli. Njia hiyo ndiyo polio inayoikata. Virusi vyake vinaingia kwa kinywa, kwa maji au mikono yenye uchafu wa choo. Kati ya watu 200 wanaoambukizwa, karibu mmoja anapooza. Wengi hawaonyeshi dalili, lakini wanaeneza. Kwa aliyepooza, mguu una mifupa, una kano, una misuli, ila amri haifiki. Msuli usioamriwa unakonda.

Haya si mambo ya mbali. Mwaka 2017 polio ilipooza watoto hapa Haut-Lomami. Wengine wanasema chanjo ndiyo iliyoileta. Tuseme ukweli wote: virusi dhaifu vya chanjo ya matone vinaweza kurudia ukali, vikizunguka muda mrefu mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa. Basi kinachozuia hatari hiyo ni kuwachanja watoto wote, si kuwaficha.

Sisi tunaamini uponyaji. Mguu uliopoozwa na polio hauna dawa hospitalini, na hatutaacha kuwaombea walio nao. Lakini kumfungia mtoto chumbani wachanjaji wanapopita, huko si imani. Mungu aliyetia pumzi katika mifupa mikavu ndiye aliyewapa watu akili ya kuilinda njia ya amri.

Kwa hiyo, baba na mama, wachanjaji wakipiga hodi, tuwatoe wote walio chini ya miaka mitano, hata mgeni aliyelala kwetu. Wanywe matone, wapakwe alama kidoleni. Tunawe mikono tukitoka chooni. Na ndugu anayekuja ibadani kwa magongo, tumpe nafasi na kazi kanisani. Iliyokatika ni amri ya mguu wake, wito wake haukukatika.

Mungu awabariki. Amina.