Kinga Inapoamka

Msikilizaji wetu wa Riruta, Kawangware na Kibera, leo nazungumza na wewe uliyeanza ARV, dawa za virusi vya Ukimwi, wiki chache zilizopita, ukapata nafuu, kisha homa ikarudi, tezi za shingo zikavimba, kikohozi kikaanza. Usikimbilie kulaumu dawa. Virusi vya Ukimwi huangamiza chembe nyeupe za damu ziitwazo CD4, ambazo huongoza ulinzi wa mwili. Zikishuka chini ya 200 kwa kila mikrolita ya damu, kifua kikuu kinaweza kuenea mwilini kikiwa hakijajitokeza wazi. ARV zinapozuia virusi kuzaana, CD4 huongezeka, humtambua adui aliyejificha na kumvamia kwa nguvu. Homa na uvimbe hutokana na mapambano hayo, mara nyingi katika miezi 3 ya kwanza.

Tafadhali, usiache dawa kimyakimya. Rudi upesi Kituo cha Afya cha Riruta, au kingine kilicho karibu nawe, upimwe makohozi. Kifua kikuu kinatibika, na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali. Kichwa kikiuma sana, shingo ikikakamaa au pumzi zikikatika, usingoje tarehe ya kliniki: nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.