Nani kasema gari la Afrika halihitaji hita?

Iko kauli moja utakayoisikia katika gereji nyingi za mjini Moshi. Anafika mtu na gari lake la zamani, Land Rover ya miaka ya 1960 kwa mfano, au Morris Minor iliyolala bandani tangu marehemu baba alipostaafu, naye anasema anataka afungiwe hita. Fundi anacheka. "Hita ya nini, mzee? Hapa ni Afrika." Na kama gari lina hita yake ya asili inayovuja, fundi haulizi mara mbili. Anaikata mipira miwili inayopeleka maji ndani, anaiunganisha kwa kipande cha bomba, anakaza klipu na kazi imekwisha. Ile hita anaitupa kwenye rundo la vyuma chakavu.

Mimi nasema fundi huyo ametazama ramani, hakutazama mlima.

Mji wa Moshi uko mita 800 na ushei kutoka usawa wa bahari. Lango la hifadhi pale Marangu liko karibu mita 1,900. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa nyuzi sita hivi, kwa hiyo mtu aliyeondoka stendi akiwa amekunja mikono ya shati anajikunyata kabla hajafika kwake. Na hapo sijataja mwezi wa Juni na wa Julai, wakati mawingu yanapokaa juu ya migomba ya Kibosho, Uru na Machame siku nyingi mfululizo, na jua linakuwa ni jambo la kusimuliwa. Wazungu waliotengeneza magari yale walijua Tanganyika iko karibu na Ikweta. Wengi hawakujua kwamba sehemu yake nyingine iko karibu na barafu.

Tena tuseme kweli, hata kwao Uingereza hita haikuwa haki ya kila mnunuzi. Katika magari mengi ya bei nafuu ya miaka ya 1950 na 1960, hita ilikuwa kifaa cha kuagizwa kwa malipo ya ziada. Land Rover, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, ilikuwa gari la shamba, na mkulima alitarajiwa kuvaa koti. Aliyekuwa na fedha aliongeza hita ya duara ya kampuni ya Smiths, ile ile ambayo jina lake utalisoma kwenye kipima mwendo cha magari mengi ya Kiingereza ya wakati huo. Ndiyo hita ambayo wenye magari ya zamani wanaitafuta hadi leo: boksi la bati lenye feni, rejeta ndogo ndani yake, na vimlango vya mbele unavyovifungua kwa kidole kuelekeza joto miguuni.

Lakini leo sikuja kuzungumzia miguu. Nataka tuzungumzie kioo cha mbele.

Abiria saba ndani ya Land Rover, nguo zimelowa manyunyu, vioo vimefungwa kwa sababu ya baridi. Kila mmoja anapumua. Pumzi ile ina maji, nayo ikigusa kioo cha baridi inageuka jasho. Katika dakika tano dereva haoni kitu. Anafuta kwa kiganja, anafuta kwa kitambaa, anaomba utingo afute kwa kofia. Wengine hupaka sabuni, ambayo kwa muda mfupi husaidia, na ikikutana na taa za gari linalokuja hugeuza kioo kizima kuwa maziwa. Na pembeni mwa barabara hiyo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watoto wa shule wanatembea mmoja nyuma ya mwingine, kwa kuwa mfereji uko upande mmoja na ukuta wa udongo upande wa pili. Hawana pa kurukia. Dereva anayeteremka kuelekea Marangu Mtoni akiwa ameinamia tundu la ukubwa wa sahani alilolifuta kwenye kioo anaendesha kwa kukisia.

Dawa ya jasho lile ni hewa kavu yenye joto. Watu hushangaa wakisikia hewa ya ukungu inaweza kuwa kavu. Hewa ya nyuzi 14 iliyojaa unyevu hadi pomoni, ukiichukua kutoka nje na kuipasha mpaka nyuzi 30 bila kuiongezea maji, unyevu wake hushuka hadi kama asilimia 40 ya kile inachoweza kubeba. Sasa ina kiu, na kioo kilicholowa ndicho itakachokinywa. Ndiyo maana mwenye gari asikubali hita ifungwe bila bomba la kupeleka joto juu, kwenye kioo. Zile Smiths za duara, kwa mtindo wake wa kawaida, huvuta hewa ya humo humo ndani ya gari, yaani pumzi za abiria, huipasha na kuirudisha. Zinafaa miguu. Kwa kioo zinahitaji msaada: mpira mpana kutoka kwenye boksi hadi kwenye mdomo wa bati chini ya kioo, na dirisha moja liachwe wazi kidogo ili unyevu upate njia ya kutokea. Land Rover zilizotoka kuanzia mwaka 1971, zile za mfululizo wa tatu, zilipangiwa hita ya kuvuta hewa ya nje kupitia ubavuni mwa gari, na kwa mlimani hiyo ni bora zaidi. Anayependa sura ya zamani atanikasirikia, lakini sura haifuti kioo.

Tuje kwenye ufundi wenyewe. Habari njema ni kwamba rejeta ndogo ya hita za zamani ni ya shaba, na fundi wa rejeta mwenye risasi na kifaa cha kulehemu anaweza kuiziba. Ikiwa imeoza kabisa, wako mafundi wanaochukua rejeta ya hita kutoka kwenye Toyota iliyokufa na kuipachika ndani ya boksi la Smiths, na ukiliona kwa nje huwezi kujua. Hilo mimi naliona ni jambo la akili. Ila wajue kwamba zile za Toyota nyingi ni za alumini, na alumini ikitoboka fundi wa shaba hana la kuifanya.

Maji ya moto huchukuliwa juu ya injini, yakapita kwenye hita na kurudi upande ambao pampu inavuta. Ukigeuza mambo, au ukachukua maji mahali ambapo hakuna mgandamizo, hita itapuliza upepo tu. Pia pawepo koki ya kuyafunga maji hayo wakati wa Januari, maana hakuna adhabu kama hita isiyozimika ukiwa Himo saa nane mchana.

Halafu iko ile tabia ya kutupa themostati. Mafundi wengi wanaamini themostati ni ugonjwa wa nchi za baridi, kwa hiyo huing'oa na kusema sasa injini itapumua. Kifaa kile hufunguka maji yanapofika nyuzi 80 hivi. Kikiondolewa, maji huzunguka kwenye rejeta kubwa tangu mwanzo, injini haichemki ipasavyo ukiwa Tarakea asubuhi, petroli inaliwa bure, na hita mpya uliyoilipia inatoa joto la chai iliyosahauliwa mezani. Rudisheni themostati kwanza, kisha ndiyo muilaumu hita.

Na maji. Gari likichemka njiani, utingo hukimbilia mfongo ulio karibu. Mifongo ya Wachagga ni kazi ya kujivunia, imenywesha migomba na kahawa kwa vizazi vingi, lakini maji yake yana udongo, na vijibomba vya rejeta ya hita ni vyembamba. Tope likituama humo halitoki. Weka maji safi yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu, na ukilazimika kutumia ya mfongo, yamwage ukifika nyumbani.

Mipira iwe ya kustahimili joto. Nimeona hita iliyofungwa kwa mpira wa kumwagilia bustani, wenye rangi ya kijani, kwa sababu ulikuwepo na ulikuwa rahisi. Mpira ule hulainika, huvimba kama chatu aliyemeza mbuzi, na siku ukipasuka unamwaga maji ya nyuzi 80 na zaidi juu ya miguu ya mtu aliyeshika usukani.

Kuhusu umeme nitasema machache. Dainamo nyingi za zama zile zilitoa ampea 20 hivi tu. Taa kubwa, waipa na feni ya hita vikifanya kazi pamoja usiku wa mvua, hakuna kinachobaki cha kuchaji betri. Feni iwe na fyuzi yake. Tena mkumbuke kwamba magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yalifungwa chanya ya betri kwenye bodi, kinyume cha siku hizi, na feni ya kisasa yenye sumaku ukiifunga bila kuangalia hilo itazunguka kinyumenyume.

Liko faida moja ambalo wengi hawalijui, na kwa magari yetu ya mzigo huenda ndilo kubwa. Hita ni rejeta ya pili. Gari la zamani linapopanda kutoka Himo likiwa limejaa, na mshale wa joto unakaribia wekundu, fungua koki ya hita yote, washa feni, fungua na vioo. Abiria watalalamika. Lakini joto lile lililokuwa linaua injini sasa linatoka kupitia miguuni mwao. Kwenye lango la Marangu maji yasiyofunikwa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, kwa hiyo gari lenye kifuniko cha rejeta kilicholegea huko juu halina akiba kabisa. Fundi aliyekata mipira ya hita ndiye aliyekuondolea nafasi hiyo.

Sasa nina neno kwa wenye Volkswagen zile zenye umbo la kobe, ambazo bado zipo na bado zinapendwa kwenye harusi. Injini yake haina maji. Joto la kabini hutoka kwenye maboksi ya bati yanayozunguka mabomba ya moshi, hewa ikapita humo na kuingia ndani. Bati na mabomba hayo vikiliwa na kutu, kinachoingia pamoja na joto ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Kichwa kinauma, macho yanakuwa mazito, mtu anadhani ni uchovu wa safari, na hali vioo vyote vimefungwa kwa ajili ya baridi ya Rombo.

Kabla hujafungua joto la gari la namna hiyo, mwambie fundi aliinue, ayashushe maboksi yale na kuyagonga kwa bisibisi kila upande, na mabomba yaliyomo ndani vilevile. Palipoliwa na kutu patatoboka. Boksi linalotoboka kwa bisibisi haliwekwi kiraka. Linabadilishwa, au njia ya joto inazibwa kabisa na bwana harusi anavaa sweta ndani ya suti.